MACHO HAFIFU NA KISU KIKALI

(Maneno haya yalisemwa na wakataji watatu mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi letu. Wengi waliomba yapigwe chapa ili wasiokuwapo nao wayasome. Twayatoa kama yalivyosemwa.)



Sisi tuliosimama mbele yenu ni watatu, na sote ni wakataji. Wawili wetu hukata katika kiwanda cha nguo. Wa tatu ana meza yake nyumbani, ambako hukata vipande vya vitenge na kanga na kushona mifarishi ya viraka, ile yenye nguo mbili na pamba katikati. Macho yetu ni sita kwa hesabu, lakini yale yanayoona sawasawa hayafiki matatu. Ndiyo maana tumetumwa sisi kusema habari hii, wala hakutumwa kijana.

Tutaanza na kisa cha mmoja wetu, naye ameturuhusu kukisema. Ndugu huyu alikuwa mkataji hodari. Alipopita miaka 45 alianza kuona mistari ya rula imeungana kama utando. Hakumwambia mtu. Akitaka kusoma kipimo, humwita kijana wa karibu na kusema, "Hebu nisomee hapo, mikono yangu ina mafuta." Kazi ya siku aliikariri kwa moyo. Akaendelea hivyo miaka mitatu.

Jioni moja alikuwa akikata kitambaa cha buluu iliyoiva, taa ikiwa nyuma yake. Alidhani ameona ukingo wa rula, kumbe kilikuwa kivuli cha mkono wake mwenyewe. Kisu kikapanda juu ya rula na kuchukua ncha ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Damu ikaharibu vitambaa vilivyokuwa mezani. Neno la kwanza la msimamizi lilikuwa juu ya vitambaa. Mwisho wa mwezi mshahara ulikatwa, na ndugu yetu akakubali bila kusema neno, kwa kuwa aliogopa akiuliza ataulizwa habari za macho. Alikilipia kitambaa, akatibu kidole kwa fedha zake, kisha akanyamaza. Katika hayo matatu, twaona kunyamaza ndiko kulikomgharimu zaidi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humfichua. Kwetu sisi wakataji, kisu ndicho kinachofichua.

Basi leo twataka kusema mambo mawili. La kwanza, mtu asiyeona vizuri aweza kukata kitambaa sawasawa na kwa usalama, akiacha kukata kwa jicho na akajifunza kukata kwa ukingo. La pili, hatafanya hivyo peke yake akiwa amejificha.

MACHO HUCHAKAA KAMA CHOMBO KINGINE

Ndugu zetu, mtu akipata miaka 40 hivi, lenzi iliyo ndani ya jicho huanza kuwa ngumu. Haijikunji tena upesi ili kuona kitu cha karibu. Jambo hili humpata kila mtu, tajiri na maskini, na dawa yake ni miwani. Tena nuru inayofika ndani ya jicho hupungua. Mtu wa miaka 60 hupata ndani ya jicho lake kama thuluthi moja tu ya nuru anayopata kijana wa miaka 20, ingawa wamekaa chini ya taa moja. Kwa hiyo mzee akisema hapa pana giza, kijana asimcheke. Kwake yeye ni giza kweli.

Miwani ni chombo cha kazi kama makasi. Wako waliokwisha kupima jambo hili. Mwaka 2018 jarida la utabibu liitwalo Lancet Global Health lilitoa habari za wachuma chai 751 wa Assam, nchini India, wenye umri wa miaka 40 na kuendelea. Baadhi yao walipewa miwani ya karibu mara moja, na wengine walingojea mpaka hesabu imekwisha. Kazi ya waliopewa miwani iliongezeka kuliko ya wenzao kwa karibu asilimia 22. Mwaka 2024 ikatoka habari nyingine, ya Bangladesh, ambako watu 824 wa vijijini, wakiwamo mafundi wa kazi za mikono, walipimwa vivyo hivyo. Baada ya miezi minane mapato ya waliopewa miwani yalizidi ya wenzao kwa thuluthi moja. Tajiri akiwaambia kwamba miwani ni starehe ya mfanya kazi, mwambieni habari hizo.

Lakini yapo mengine yasiyotibiwa na miwani. Mtoto wa jicho huleta ukungu, naye huondolewa kwa upasuaji. Presha ya macho huiba pembeni polepole bila maumivu, na kilichoibwa hakirudi; mwenye mzazi au ndugu aliyekuwa nayo aende kupimwa mapema. Mwenye ugonjwa wa sukari apimwe macho kila mwaka. Na yeyote ambaye jicho lake limepoteza nuru kwa ghafula asingoje mwisho wa zamu. Aende siku ile ile.

Mnapokwenda kupimiwa miwani, fanyeni neno moja ambalo wengi hawalijui. Kabla ya kwenda, simameni mezani kama mnavyokata, mchukue futi ya kamba, na mwenzenu apime kutoka puani mpaka kwenye kitambaa. Miwani ya kusomea kwa kawaida hutengenezwa kwa umbali wa sentimita 40 hivi, lakini mkataji aliyesimama huwa mbali na kitambaa kuliko hapo. Mpeni mpimaji hesabu yenu, ili awape miwani ya meza yenu. Aliyenunua miwani kali mno njiani hulazimika kuinama, na akiinama uso hukaribia kisu na mgongo huumia.

MEZA, TAA NA RANGI

Taa isiwe nyuma yako. Kwa mtu wa mkono wa kulia taa ikae upande wa kushoto, na kwa mtu wa shoto ikae kulia, ili kivuli cha mkono kisianguke juu ya mstari. Taa iwe na kifuniko, isikupige machoni. Meza yenye kung'aa huumiza. Itandikeni kitu kisichong'aa.

Angalieni rangi. Kitambaa cheusi juu ya meza nyeusi hata kijana hupotea. Wekeni chini ya kitambaa cha giza karatasi au nguo nyeupe, na chini ya kitambaa cheupe kitu cha giza. Chaki iwe kinyume cha kitambaa. Katika kazi ya mifarishi mna rangi nyingi, nanyi mnaweza kupanga siku: kateni vya giza asubuhi jua likiwa zuri, na vyeupe mwache jioni. Pini ziwe zenye vichwa vikubwa vya rangi, na kila moja irudi katika kibweta chake. Sumaku iliyofungwa kwa uzi huokota zilizoanguka, msizitafute kwa viganja.

KUKATA KWA UKINGO

Sasa tumefika kwenye kiini. Mfarishi wa viraka hausamehe. Kila kipande kikizidi kwa sehemu moja ya 16 ya inchi, jambo ambalo hata jicho zima laweza kuliacha, safu ya vipande 16 itakuwa imezidi kwa inchi nzima. Ndipo mfarishi hukunjamana katikati na mnunuzi huusukuma kando. Basi asiyeona mstari wa rula afanyeje? Asiusome. Afanye kipimo kiwe kitu cha kushika.

Sisi twafanya hivi. Twapigilia ubao mwembamba, ulionyoka, upande wa kushoto wa meza, usitikisike. Kando yake hulala mkeka wa kukatia. Kitambaa kilichokunjwa twakisukuma mpaka ukingo wake uguse ule ubao, na vidole vyapapasa kuhakikisha umegusa kutoka juu hata chini. Kisha juu ya kitambaa twalaza kibao cha kipimo. Kibao hiki ni plastiki nene, ya milimita tano au sita, ambayo mafundi wa mabango hubakiwa na vipande vyake. Kimekatwa kwa upana mmoja tu, mathalan inchi 2½. Twakisukuma nacho kikagusa ubao. Sasa kisu hupita kwenye upande wa kulia wa kibao, na kitambaa kilicho chini yake hakina njia ila kuwa inchi 2½. Hapo jicho halikusoma neno.

Kila kipimo kina kibao chake. Ili tusivichanganye, twatoboa matundu: matundu mawili ni inchi mbili, na mkwaruzo mmoja kando yake ni nusu. Kidole chasoma. Upande wa chini twabandika vipande vya msasa, ili kibao kisiteleze juu ya nguo.

Kabla ya kukata, kunjeni kitambaa sawasawa. Ukingo wa kiwandani ni mnene kidogo kuliko kitambaa chenyewe, nao hujulikana kwa vidole. Ukingo ulingane na ukingo, na mkunjo ulale bila kupinda. Mkunjo ukienda hanamu, ukanda ukifunguliwa huwa na kiwiko katikati.

Vipande vikishakatwa, vikagueni kwa ukucha. Pigilieni mbao mbili zifanye kona. Rundikeni vipande kumi, visukumeni ndani ya kona, kisha piteni na ukucha upande ulio wazi. Kipande kilichozidi kitagusa ukucha, na kilichopungua kitaacha shimo. Kwa kazi hii vidole vyetu vimewashinda vijana wenye macho mazima, na hatusemi kwa kujisifu.

KISU CHENYEWE

Kisu cha gurudumu, ambacho wembe wake ni duara na huviringika, kilitolewa kwanza na kampuni ya Olfa ya Japani mwaka 1979, na sasa wanaoshona mifarishi wakipenda sana. Wembe wake wa kawaida una upana wa milimita 45. Ni chombo kizuri, lakini hakina huruma kwa asiyekiona. Kanuni zetu ni hizi:

1. Kifuniko cha wembe hufungwa kila mara kisu kinapowekwa chini. Hata kama ni kwa kukohoa tu.

2. Kisu kina mahali pake pamoja mezani. Hatukitafuti kwa kupapasa.

3. Kisu husukumwa kwenda mbele, mbali na mwili. Hakivutwi kuja kwako, wala hakipiti mbele ya mkono wa pili.

4. Juu ya kibao cha kipimo, inchi mbili kutoka ukingo wa kukatia, twafunga kipande cha mbao kilichosimama kama ukuta. Kibao kikiwa chembamba kuliko hapo, ukuta hufungwa ukingoni kabisa upande wa ubao. Mkono wa kushoto hukaa nyuma ya ukuta. Kisu kikipanda, hukutana na mbao, hakikutani na kidole. Ndugu yetu yule angekuwa na ukuta huo, leo angekuwa na kidole kizima.

5. Mstari mrefu haukatwi kwa pumzi moja. Kateni kidogo, simamisheni kisu, sogezeni mkono wa kushoto mbele, kisha endeleeni.

6. Wembe butu ni hatari kuliko mkali, kwa sababu hutaka nguvu, na nguvu ndiyo inayoteleza. Mabaki ya wembe yatiwe katika mkebe wenye kifuniko, yasitupwe takani ambako mtoto au mfagizi atayashika.

Aliyebaki na jicho moja ajue kwamba amepoteza kipimo cha umbali. Asishushe kisu hewani akitafuta ukingo. Kwanza akiegemeze kwenye ubavu wa kibao, asikie kimegusa, ndipo asukume.

Mwenye makasi alaze chuma cha chini juu ya meza na asikinyanyue. Mkono wa pili ukae nyuma ya makasi, usitangulie mbele.

Na kumbukeni njia ya zamani, kupasua. Nguo ya pamba iliyofumwa wazi, kama marekani, kanga na vitenge vingi, hupasuka sawasawa kufuata uzi. Kateni inchi moja kwa makasi, kisha pasueni. Uzi wenyewe ndio rula. Ukingo hulegea na kutoa nyuzi kidogo, kwa hiyo pigeni pasi na mwongeze upana kidogo. Nguo za kuvutika hazifai kwa njia hii.

Kwa wale wa kiwandani wenye mashine ya kisu cha wima, neno ni fupi: glavu ya waya wa chuma katika mkono unaoshika kitambaa, na kinga ya kisu ishushwe mpaka ikaribie kabisa vitambaa. Bila hayo mawili msiiwashe.

HAKI ZETU

Ndugu wanachama, wengi wetu hunyamaza kwa kuogopa kufukuzwa. Hofu hiyo ina sababu, hatuidharau. Lakini hapana budi tujue sheria inasemaje.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yakataza kumbagua mfanya kazi kwa ajili ya ulemavu, na yasema ulemavu si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Sheria hiyo hiyo yamruhusu mwajiri kukata mshahara kwa mali iliyoharibika pale mfanya kazi alipoiharibu kwa makusudi. Sasa twauliza: ni nani hukata kidole chake kwa makusudi ili achafue kitambaa? Ndugu yetu alikatwa fedha ambazo hakustahili kukatwa.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka pawe na nuru ya kutosha mahali pa kazi, na mahali penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Tena yakataza kumfukuza mtu kwa kulalamikia jambo analoliona ni la hatari. Na Sheria ya Fidia ya Majeraha ya Kazini, nayo ya mwaka 2007, yampa mwajiri siku saba za kupeleka habari ya ajali kwa mkurugenzi, tangu alipoijua. Kwa hiyo aliyeumia aseme siku ile ile, mbele ya shahidi, na iandikwe. Kidole kilichofungwa kitambaa kimyakimya hakina fidia.

Wenye meza nyumbani hawana tajiri wa kumdai taa. Kwao twasema: fedha za mfarishi wa kwanza zinunue taa na miwani kabla ya kununua kitenge kingine.

NA SISI KWA SISI

Mwisho twageukia nyumba yetu wenyewe. Ndugu yetu hakumficha tajiri peke yake. Alituficha sisi pia, kwa sababu alikwisha kusikia jinsi tulivyomcheka mwingine na kumwita kipofu. Aibu hiyo ni ya chama, si ya yule aliyechekwa.

Basi twaomba mkutano huu ukubali mambo matatu. Kwanza, tawi liombe wapimaji wa macho waje mahali pa kazi mara moja kila mwaka, na wanachama wote wapimwe, wazee kwa vijana, asijulikane nani alikwenda kwa hofu. Pili, katika kila chumba cha kukatia mzee aoanishwe na kijana: kijana asome karatasi ya vipimo, mzee amfundishe kitambaa. Tatu, kamati ya usalama ipime nuru ya kila meza, na mwenye kusema "sioni hapa" asikilizwe kwanza na aulizwe maswali baadaye.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Ndugu yetu mwenye kidole kifupi yupo hapa kushoto kwetu, naye bado anakata. Juma lililopita alikata vipande 200 kwa kibao na ubao, navyo vyote vilipita kwenye kona ya ukucha. Mkutano ukifungwa, njoni mezani hapa mbele mvishike wenyewe.